Usitundike hizo picha, dada

Toa hiyo kamba kwenye mpango wako. Nimesoma hadi pale unaposema Jumamosi utawakusanya watoto wa mtaani na watoto wa wakimbizi wa vita huko Ndosho, Goma, wachore "nyumbani kwetu", utundike picha ukumbini na kuwaita wazazi wazungumze. Uji wangu umepoa. Mimi nilifanya hivyohivyo mwaka 2023. Hata kamba nilinunua mpya.

Ujinga mdogo kwanza. Nusu ya watoto walichora mlima wenye moto juu, nami nikaandika daftarini "hofu ya volkano", nikijiona daktari. Kumbe volkano ya Nyiragongo usiku inang'aa nyekundu wakiwa mlangoni kwao. Mtoto wa Goma achore nini, mnazi? Walioikimbia kweli ilipolipuka usiku wa 22 Mei 2021 walichora godoro kichwani mwa mama, moto hakuna.

Sasa lililonigharimu. Msichana wa miaka tisa, familia yake imekimbia vita huko Masisi, ikapokelewa na mama mmoja huku mjini. Watu sita, chumba kimoja cha mbao. Alichora nyumba nzuri ya mabati, watoto wanne mezani, kila mmoja na sahani. Yeye na wadogo zake akawaweka nje karibu na jiko la makaa, na mlangoni kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe.

Nikamwomba aieleze mbele ya watu. Mungu anisamehe. Akaeleza bila kulia, kama anayesoma shairi la shule: "Hapa ni kwao. Hapa ni sisi." Mama mwenye nyumba alikuwa safu ya pili, amevaa kitenge cha Jumapili. Ukumbi mzima kimya. Mimi nikapiga makofi.

Siku ya nne familia ile ilikuwa barabarani na vyungu vyake. Wala mama yule hakuwa mtu mbaya. Aliwalisha miezi mitano bila kudai hata franka. Lakini nani aaibishwe mbele ya parokia nzima, kisha arudi nyumbani kuwagawia bugali? Wakaishia kambi ya Bulengo, chini ya turubai. Yaani mimi niliyetaka tuzungumzie watu wasio na makao, nikawaongeza sita.

Na aliyenifundisha? Siku tatu hotelini kando ya ziwa, samaki, chai ya saa nne, na mtaalamu anatuambia tundikeni, picha zitasema zenyewe. Zilisema! Yeye alikuwa ameshapanda ndege. Cheti chake kimepigwa plastiki, kinafunika ndoo ya maji vizuri sana.

Picha haitoki mkononi mwa mtoto. Ndiyo hiyo tu. Usimpangie cha kuchora. Kaa naye chini umuulize, "Hapa kuna nani?" Akinyamaza, mwombe akuchoree ng'ombe. Mtoto wa Masisi atakutajia kila mmoja kwa rangi na pembe zake, na katikati ya hao ng'ombe utasikia habari za kilima, za nyumba, za babu aliyekataa kuondoka. Akimaliza, aikunje aende nayo, au aichane. Mzazi ataonyeshwa na mwanawe, siyo na wewe. Na wale maibobo, watoto wa mtaani wa sokoni unaotaka kuwaalika, neno "nyumbani" usilitaje kabisa. Wengine nyumba wanayo, wameikimbia, na aliyewapiga bado anakaa humo.

Na waandishi wa habari pia unataka kuwaita? Dada!

Uliuliza pia karatasi na umri. Karatasi nunua Birere, rimu nzima, na kalamu za nta, maana zile za wino hukauka siku ya pili. Umri, nimesahau nilitaka kusema nini.

Kambi ya Bulengo ilipobomolewa Februari 2025 nilienda kumtafuta yule mtoto. Nilikuta mawe meusi na mashimo ya vyoo. Picha yake bado iko kwangu. Siku ile niliishusha kutoka kwenye kamba, nikaiweka kwenye faili ya ripoti, na wala sikufikiria kumrudishia.