Nimehamia Dodoma na ukindu wangu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mi mama wa watoto wawili, kwetu Pangani, ila mume wangu kahamishiwa Dodoma kikazi tukaja wote, tumepanga vyumba viwili Nkuhungu. Kazi yangu toka binti ni kusuka ukindu (majani ya mkindu), nasuka mikeka, vikapu, misala ya kuswalia na kawa, nilifundishwa na bibi. Nyumbani wateja walikuwa wanakuja wenyewe mpaka mlangoni, huku hakuna anayenijua. Nimezunguka na vikapu sokoni Majengo watu wanashikashika wanasema vizuri alafu wanaenda zao, aliyenunua kanipa elfu 8 kwa kikapu cha siku mbili. Kuna mwenye duka mjini kaniambia nimwachie mzigo, akiuza ndo anilipe. Pia ukindu huku unakatika sana sijui kwa nini, na jirani wa uani kanuna sababu maji ya rangi yalimchafulia baraza. Nafikiria niache nikauze vitumbua. Nisaidie anti.
Msukaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na kuhama. Vitumbua havina ubaya, ukiweza kaanga asubuhi maana hela yake inaingia kila siku wakati ya mkeka inaingia kwa msimu, ila usiache kusuka kwa sababu ya wiki chache za Majengo. Pale mtu kaja kununua nyanya na vitunguu ana elfu 10 yake mkononi ya mboga ya siku mbili, unataka akupe kwa kikapu, atakupa kweli? Bidhaa haina shida, sehemu ndo umekosea.

Tuanze na ukindu maana bila huo hakuna kinachoendelea. Pwani hewa ina unyevu wa bahari, chane (ule ukindu uliochanwa vipande vyembamba) ukiziacha usiku zinakaa laini zenyewe. Dodoma pakavu mno, mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hivi mpaka Aprili, baada ya hapo ni jua na upepo, kwa hiyo chane inakauka mikononi mwako huku unasuka, ukikunja pembeni inapasuka. Chukua chane za kazi ya siku moja tu, zinyunyizie maji, zifunge ndani ya kanga mbichi uliyoikamua vizuri zilale humo, asubuhi mapema unasuka kabla jua halijawa kali na zile unazosubiri kuzitumia unaziacha ndani ya kanga. Usiloweke furushi zima ukalisahau, litaota ukungu na madoa meusi ambayo hata rangi haifichi. Mzigo mwenyewe agiza kwa ndugu Pangani uje na basi, asisitiziwe ukindu uwe umekauka kabisa kabla ya kufungwa kwenye kiroba, ukifungwa mbichi unafika umeoza. Na tafuta wenzio wa pwani hapo Dodoma, wako wengi sana toka serikali ianze kuhamia 2016, mkiagiza watatu wanne kwa pamoja gharama ya kusafirisha inapungua.

Jirani sasa. Hapo mwanangu jirani ana haki, rangi ya unga ikiingia kwenye saruji haitoki. Chemsha rangi siku moja tu ya wiki, jana yake mwambie kesho ntapika rangi asianike nguo karibu, maji yakipoa yabebe ukamwage kwenye shimo nje, sio uani. Alafu mpelekee kawa nzuri ya kufunikia chakula, umwombe radhi. Sio rushwa bwana, ni ujirani, na huyo akiwa na wageni Jumapili wakaiona hiyo kawa mezani wataulizana imetoka wapi. Na kama hujaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha nenda wiki hii, we na mumeo, siku utakayotaka barua ya utambulisho wa mkopo au meza ya biashara usiwe unajieleza upya kama mgeni.

Bei. Umeniambia kikapu elfu 8 siku mbili. Chukua daftari tuandike: tuseme ukindu, rangi na gharama ya basi vinakula 3,500, inabaki 4,500, gawa kwa siku mbili ni 2,250 kwa siku, na hapo hujahesabu mkaa wa kuchemshia rangi. Anayekufulia nguo tu anakuzidi! Weka kwanza ujira wako wa siku, ule ambao ungeukubali ukiitwa kibarua, jumlisha na vitu ulivyonunua, hapo ndo bei inaanzia na ukiombwa upunguze usishuke chini yake. Kikapu chako kikifika elfu 18 au 20 usione aibu kuitaja, itaje alafu unyamaze. Sisi wanawake tuna tabia tukishataja bei tunaanza kujitetea wenyewe kabla mteja hajasema neno.

Lakini hiyo bei haiuziki Majengo. Dodoma ya sa hivi imejaa watu waliohamia kama wewe, wengi watumishi, wamejenga au wamepanga Ilazo, Kisasa, Area D, nyumba mpya sebule tupu wanatafuta cha kuweka. Hao ndo kastoma wako. Huyo hanunui kikapu cha sokoni, ananunua cha kuwekea nguo chafu chumbani chenye mfuniko, cha kuwekea maua, cha mikate mezani, mkeka mkubwa wa kulalia mchana watoto wakiwa wanacheza. Piga picha nje kwenye kivuli, kitu kiwe kimewekwa kwenye matumizi yake, weka stetasi ya wasap kila siku, mwambie mumeo naye aweke maana ofisini kwake ndo soko lenyewe. Mwombe apeleke kimoja akae nacho mezani kwake ofisini, kimtunzie makaratasi, we subiri uone.

Na ujue kalenda ya mji. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, hoteli zinajaa, wageni wanataka cha kurudi nacho nyumbani, kwa hiyo Februari na Machi ndo miezi yako ya kusuka akiba, sio Aprili unakimbizana. Alafu mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane viwanja vya Nzuguni. Banda peke yako ni gharama, nenda ofisi ya SIDO ya mkoa uulizie wajasiriamali wanaopelekwa kwa pamoja, hao kazi yao toka 1973 ni viwanda vidogo na mafunzo ya ufungashaji wanatoa.

Huyo mwenye duka anataka mali kauli. Sikatai, wengi wameanzia hapo, ila usimwachie mzigo wote kwa maneno. Mpe vitatu vinne, andikeni karatasi mbili: idadi, bei yako wewe (yeye aongeze yake juu), siku ya kuhesabiana, na kikiharibika au kuibiwa dukani nani analipa, wote msaini. Siku ikifika nenda mwenyewe, usipige simu. Akianza kuzungusha chukua vilivyobaki ondoka.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, upo na hauna riba, ila unataka kikundi na sio mtu mmoja, kwa hiyo hao wenzio wa kuagiza ukindu ndo kikundi hicho hicho. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila usikope kabla hujajua kwa mwezi unauza vingapi.

SWALI: Anti mi niko Mbagala, nasuka vikapu vidogo vya zawadi. Nimepata oda ya vikapu 60 vya sendofu, wamenipa advansi robo na shughuli ni baada ya wiki tatu. Nianze?
Mama Twins

JIBU: Robo haitoshi, hiyo ukinunua ukindu na rangi imeisha na jasho lako limebaki rehani. Omba nusu, wape sampuli moja iliyokamilika waikubali kwa picha na ujumbe ubaki kwenye simu, rangi ile ile, saizi ile ile, maana kamati ya sendofu ina watu saba na kila mtu anakumbuka rangi yake. Kabla hujashona chochote chukua kitambaa cheupe kibichi usugue ukili (ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa kikapu) uliopakwa rangi, ikitoka kwenye kitambaa itatoka kwenye gauni la mtu. Vikapu 60 peke yako kwa wiki tatu ni karibu vitatu kila siku, Jumapili ndani, kwa hiyo tafuta msaidizi wa kusuka ukili we ubaki na kushona na mikono ya kubebea. Nusu iliyobaki wailipe siku ya kuchukua mzigo, kabla haujapakiwa kwenye gari.