Te Anau hadi Milford Sound: saa 2 hazitoshi

Umeuliza kama saa 2 zinatosha kutoka Te Anau hadi Milford Sound, New Zealand, kwa gari la kulala. Hazitoshi, ndugu. Ni kilomita kama 118 za milima; tenga saa 2 na nusu, bila kuhesabu vituo vya kupiga picha. Jaza tangi Te Anau na upakue ramani huko huko, maana mbele mtandao unakatika.

Pa kuwa makini hasa ni Homer Tunnel, handaki la barabara linalopita ndani ya mlima: mita zipatazo 1,200, kiza, inateremka kuelekea Milford. Washa taa, shuka kwa gia ndogo; ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kuacha kushika. Mei hadi Novemba beba minyororo ya matairi, ya kushika barabara yenye theluji na barafu. Ukisimama, usiwalishe kea, kasuku wa kijani wa milimani: hunyofoa mipira ya madirisha kwa mdomo.