Vifaranga wamerithi au wamechukua?

SWALI: Nafuga kuku hapa Malindi. Nilimwambia jirani kuwa vifaranga wangu wamerithi shingo tupu kwa jogoo wangu wa kishingo. Mzee mmoja akanikosoa: kurithi ni mali ya maiti na jogoo yu hai, kwa hivyo niseme wamechukua. Nani ana haki?

JIBU: Mzee ameshika jambo la kweli, ila amelibana mno. Pwani yetu neno "kurithi" limeshikana na mirathi, na mirathi hugawanywa mtu akishafariki. Ungesema "vifaranga wamemrithi jogoo", ningemuunga mkono, maana kumrithi mtu ni kupata alichoacha au kushika nafasi yake. Lakini ulisema wamerithi shingo, tena kwa jogoo, na hapo sentensi yako haina kosa. Asili ya neno ni Kiarabu, na Waarabu wenyewe huita elimu ya jeni, yaani vinasaba vinavyobeba sifa za mzazi hadi kwa mtoto, "ilmu al-wiratha".

Hata hivyo usilitupe "kuchukua". Ni neno zuri na lina kazi yake: husemea kinachoonekana. Mtoto amechukua macho ya mamake, kifaranga amechukua rangi ya koo aliyemtaga. Kurithi huenda mbali zaidi, hadi kwenye kilichofichika.

Tazama upanga wa kuku, ile nyama nyekundu ya kichwani. Kuna upanga mmoja uliosimama wima wenye meno, na kuna ule mpana, bapa, wenye vinundu. Jogoo na tetea wote wawili wanaweza kuwa na upanga bapa, kisha wakazaa kifaranga mwenye upanga wa wima. Kila mzazi alikuwa amebeba jeni ya upanga wa wima bila kuionyesha, na wazazi wa namna hiyo hupata, kwa wastani, kifaranga mmoja kati ya wanne wa aina hiyo. Kifaranga huyo hakuchukua upanga wa babake wala wa mamake, lakini ameurithi kwa wote wawili. Ukifuta "kurithi", utalielezaje hilo? Mwanasayansi Mwingereza William Bateson aliyachunguza mambo haya ya panga za kuku, na mwaka 1902 alionyesha kuwa kanuni za urithi ambazo Gregor Mendel alizigundua kwa mimea ya njegere zinawahusu wanyama pia.

Shingo tupu haijifichi hivyo. Jeni moja tu, ya mzazi mmoja, yatosha kuionyesha, ila huacha kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyerithi mbili, moja kwa kila mzazi, huwa na shingo tupu karibu kabisa. Kwa hivyo "amerithi jeni moja" na "amerithi jeni mbili" si maneno ya kupamba sentensi. Kwa kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja, tofauti ni kubwa zaidi: ukipandisha kidimu kwa kidimu, kifaranga wa jeni mbili huota manyoya dhaifu yanayokatika, akabaki nusu uchi.

Miguu mirefu ya kuchi, wale kuku warefu, ni habari nyingine, kwani jeni nyingi hushirikiana kuamua urefu. Hapo "wamechukua kimo cha kuchi" hunitosha.

Na jeni, ukiiandika, iweke katika ngeli ya i-/zi-: jeni hii imerithiwa, jeni hizi zimerithiwa. Mzazi humrithisha kifaranga jeni. Kifaranga huirithi kwa mzazi, au kutoka kwa mzazi. Zote mbili ni sawa, ingawa mimi hupenda "kwa", fupi na ya kwetu.