Brauza ikikataa kufunguka, usikubali kufomati kwanza

Jumanne usiku niko kwa matatu narudi Githurai, simu ikalia, kumbe ni msomaji wangu mmoja wa Umoja. "Kaka, brauza imekataa kufunguka tangu jana, nabonyeza hakuna kitu, fundi anasema Windows imekufa na anataka 1,500 aifomati, aifute yote aweke Windows upya, nimpe?" Nikamjibu kwa herufi kubwa, USIMPE. Nadhani nilimshtua maskini, alinyamaza kama dakika kumi hivi. Lakini hayo maneno, Windows imekufa, mimi nayo tunajuana, na leo wacha niyatoe maana nimeyabeba moyoni miaka sasa.

Nilikuwa na saiba ndogo Kayole, duka la intaneti, mashine nne, printa moja na benchi la kungojea. Ninyi mlio kwa hii biashara mnajua 30 Juni ni siku gani, mwisho wa kufaili ritani za ushuru, na sisi Wakenya hatufaili Januari kukiwa na nafasi, tunangoja 30 Juni saa tano asubuhi. Siku hiyo moja ilikuwa inanilipia kodi ya nyumba na inabaki. Sasa usiku wa 29 bado niko kazini, stima ikapotea ghafla, betri ya UPS, ile ya kushikilia mashine stima ikipotea, ilishakufa kitambo na mimi kila mwezi nasema nitanunua, brauza ilikuwa wazi na kurasa kama kumi na nne. Nikafunga mlango nikaenda kulala.

Asubuhi nabonyeza Firefox, ndiyo brauza yangu, kwa mashine ya kaunta, ile yenye vitu vyangu vyote. Kaduara kakazunguka sekunde mbili kakapotea. Nikabonyeza tena, kakazunguka, kakapotea. Nilibonyeza hivyo kama mtu anayebisha kwa mdeni wake, unajua kabisa yuko ndani na haitiki. Mzee mmoja alikuwa ameketi hapo mbele na bahasha yake ya kaki magotini, mteja wangu wa miaka yote, akaniuliza polepole, "Kijana, si wewe ndiwe uliniambia nije mapema?" Sikuwa na jibu. Nikaitoa Firefox nikaiweka upya, mara tatu, na mara zote tatu kaduara ni kalekale.

Nikapigia fundi wa kule barabara ya Luthuli mjini. Alifika, hata hakuketi, akabonyeza mara moja akasema, "Windows imekufa, boss." 2,000 na nauli juu. Kufika saa tisa brauza inafunguka vizuri sana, safi kama ya dukani na tupu kama ya dukani. Bukumaki (zile kurasa nilizoziwekea alama) za miaka minne zimeenda, na paswodi za wateja waliokuwa wananiambia "niwekee hapo tu nisisahau" zimeenda pia (najua, msinipigie kelele, siku hizi siweki). Benchi langu lote lilikuwa limeshavuka barabara. Jioni jamaa wa saiba ya ng'ambo akaniletea soda, ati pole. Sikuinywa.

Miezi michache baadaye mashine ya pili ikaugua ugonjwa huohuo, tena baada ya stima kupotea, na safari hii nikakaa nayo usiku mzima kwa hasira. Ndipo nikajua kitu ambacho fundi angeniambia kwa dakika moja. Brauza (kivinjari, kwa walimu wa Kiswahili) iko sehemu mbili. Kuna programu yenyewe, halafu kuna folda ya profaili, ndiyo inabeba bukumaki, paswodi na mipangilio yako. Stima ikipotea inayoharibika mara nyingi ni hiyo profaili, na ukiitoa programu ukaiweka upya, kwa kawaida profaili inabaki palepale. Yaani mara zangu tatu nilikuwa nabadilisha mlango na mwizi yuko kitandani.

Kwa hivyo anza hivi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itakuja orodha ya programu zinazoendelea, ukiona brauza imejificha hapo inaendelea kimyakimya, iue yote, ujaribu tena. Ule ujumbe kwamba Firefox tayari inaendelea lakini haijibu, mara nyingi dawa yake ni hiyo tu. Ikikataa, shikilia Shift ukiwa unaifungua, itakuja bila viongezi, vile viprogramu vidogo ulivyoiongezea. Ikikataa tena, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika firefox -P, utengeneze profaili mpya. Ikifunguka umepona, Windows ilikuwa hai siku zote. Halafu enda kwa folda ya profaili ya zamani, kabla hujagusa kitu weka kopi yake kando, brauza ikiwa imefungwa unakili places.sqlite uitie kwa profaili mpya, hiyo ni bukumaki na historia, na kwa paswodi unabeba logins.json NA key4.db pamoja. Ukibeba moja bila nyingine umebeba kufuli bila ufunguo, mimi nilijifunza hiyo saa nane usiku. Kwa Chrome ingia folda ya User Data, ile inaitwa Default uipe jina lingine, itajitengenezea mpya.

Angalia pia diski C isiwe imejaa pomoni. Na kama bado uko Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109 mwaka 2023, ukiweka mpya haitakubali, hapo hata maombi hayasaidii.

Lakini vijana, tuna shida moja. Mtu akivaa begi la laptop tunamwachia kila kitu, hatuulizi hata folda zetu ziko wapi. Fundi akisema afomati, muulize umejaribu profaili mpya? Akikosa jibu mpe chai aende. Kazi yako ni yako, ijue, weka kopi Ijumaa, nunua betri ya UPS, NUNUA BETRI.

Dada wa Umoja alirudi hewani saa tano usiku, profaili mpya imefunguka na bukumaki zimerudi, 1,500 bado anayo. Nilifurahi nikakosa usingizi. Mzee wangu wa ritani naye hajawahi kurudi. Kila Juni nilikuwa namwona anapita na ile bahasha ya kaki, ananipungia mkono vizuri tu, halafu anavuka barabara.