Mapazia: yapi ni ya beseni, yapi ni ya drai klina

Idd au Krismasi ikikaribia swali ni lile lile kila nyumba: mapazia tufue wenyewe au tupeleke drai klina? Wengi wanaamua kwa kuangalia pochi. Wengine wanaamua kwa bei waliyonunulia, kwamba pazia la gharama lazima liende kwa mtaalamu. Mimi naangalia kitambaa, na zaidi ya kitambaa naangalia bitana.

Shida yetu ya kwanza ni kwamba mapazia mengi ya hapa Dar hayana lebo. Yameshonwa na fundi kwa kitambaa cha kupima mita kutoka Kariakoo, na muuzaji atakuapia ni hariri wakati ni polista mwanzo mwisho. Kwa hiyo nachoma uzi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la chini, ushike kwa kibano cha nyusi juu ya sinki, uuwashe. Pamba na kitani vinaungua vizuri, vinanukia karatasi na kuacha majivu laini yanayosagika kidoleni. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Hariri halisi na sufu vinanuka nywele zilizoungua. Ukipata majivu yenye punje ngumu ndani yake, basi ni mchanganyiko. Chomoa nyuzi za pande zote mbili, za urefu na za upana, maana kitambaa kinaweza kufumwa kwa pamba upande mmoja na polista upande mwingine.

Kama pazia ni la dukani na lina lebo, isome kabla ya kusikiliza ushauri wa mtu yeyote, hata wangu. Beseni lenye namba ni joto la juu kabisa la maji. Beseni lililokatwa mkasi, yaani lenye alama ya X juu yake, maana yake maji marufuku. Duara ndilo la drai klina: likiwa na herufi P au F ndani linamwambia fundi atumie dawa gani, na likikatwa mkasi usipeleke kabisa.

Sasa, neti na mapazia ya polista yasiyo na bitana, ambayo ndiyo mengi sebuleni kwetu, sioni sababu ya kuyalipia drai klina. Yanahitaji maji na mkono mwepesi. Yakung'ute kwanza nje, yakiwa makavu, tena sana. Vumbi la barabara likikutana na maji kabla halijatoka linageuka tope ndani ya nyuzi. Toa vishikizo vyote. Zile ringi za chuma zilizokandamizwa kwenye kitambaa hazitoki, kwa hiyo nakusanya upande wa juu wote, nauingiza ndani ya foronya na kufunga kamba, zisipasue neti wala kugonga mashine. Loweka maji ya baridi bila sabuni kwa muda kama wa kupika chai na kuinywa. Maji ya kwanza yatatoka rangi ya kutisha. Mwaga, weka mengine, sasa tia sabuni ya maji kidogo. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Usifikiche, hasa sehemu iliyokuwa inapigwa na jua dirishani, kwa sababu jua linaozesha nyuzi taratibu na kitambaa kinachoonekana kizima kinaweza kuchanika mikononi mwako. Ukitumia mashine, weka mzunguko wa taratibu na uijaze nusu tu.

Ukishasuuza, usikamue kwa kupopotoa. Acha yachuruzike kwenye kamba kivulini, na yakiwa bado na unyevu yarudishe kwenye bomba lake dirishani. Uzito wa maji unayanyoosha, pasi unaisahau. Angalia tu bomba lisiwe na kutu, maana alama ya kutu kwenye neti nyeupe ni kazi nyingine kabisa.

Hapo kwenye neti nyeupe ndipo watu wanapokimbilia jiki. Kama unatumia maji ya kisima, tafadhali usifanye hivyo. Maji mengi ya visima vya mjini yana chumvi, na mengine yana madini ya chuma usiyoyaona kwa macho. Klorini ikikutana na chuma kilichoyeyuka inakigeuza kutu papo hapo, na kutu hiyo inakaa kwenye kitambaa. Unatia jiki ili neti iwe nyeupe, inatoka na rangi ya manjano, unaongeza jiki, inazidi. Fua kwa maji ya bomba au ya mvua, au angalau suuzo la mwisho liwe la maji hayo. Kwa hariri na sufu, jiki haitakiwi hata kwa maji mazuri, inazila nyuzi zenyewe.

Bitana ndiyo inayonipeleka drai klina. Pazia la polista lenye bitana ya pamba likiingia majini, polista inabaki na urefu wake na pamba inarudi. Bitana inavuta, pindo linakunjamana, na hakuna pasi itakayolirudisha. Ongeza mahameli, hariri, kitani kizito na chochote chenye nakshi za kushonewa. Hivyo vyote lipa, usijaribu nyumbani.

Ila ulizia. Drai klina ya kweli haitumii maji, inatumia dawa inayoyeyusha mafuta, na mashine yake ni ya kipekee. Mabango yanayosema drai klina ni mengi kuliko mashine hizo. Sehemu nyingine ndani ni mashine za maji za kawaida na pasi nzuri. Hakuna ubaya, mradi ujue unalipia nini. Mimi huuliza wazi: "Kaka, hili mtatia maji au dawa?" Kisha napima urefu mbele yake kwa futi ya fundi na kumwomba auandike kwenye risiti. Madoa nayaonyesha na kusema ni ya nini, kwa sababu dawa inang'oa mafuta vizuri lakini juisi, soda na jasho vinahitaji maji. Kama umeshapaka kitu kwenye doa, kiseme.

Yakirudi, vua nailoni, yaanike penye upepo kabla ya kuyatundika chumbani. Dawa iliyotumika sana kwa miaka mingi ni perkloroethilini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Marekani mwishoni mwa 2024 ilipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye drai klina ndani ya miaka 10. Wanaoumia zaidi ni wanaofanya kazi nayo kila siku, lakini chumba cha mtoto hakihitaji harufu ile.

Blakauti, yale mazito yenye mgongo wa mpira-mpira, watu wanadhani ni ya drai klina kwa kuwa ni mazito. Mara nyingi ni kinyume chake: dawa inaweza kulainisha ule mgongo ukabanduka. Yafute kwa kitambaa chenye maji na sabuni yakiwa yametundikwa, au yatumbukize kwenye beseni kubwa la maji ya vuguvugu bila kuyakunja wala kuyakamua. Pasi ipite upande wa mbele tu, ikiwa ya moto mdogo.

Na kama ndio kwanza unanunua, mwambie fundi aloweke kitambaa na bitana kabla ya kukata, virudi vyote kiasi vinavyotaka kurudi. Atalalamika kwamba unamchelewesha. Mwongezee siku mbili.