Pikapu ya bei mbaya: lini inalipa, lini inakumaliza

Mtoto wa kaka yangu alikuja nyumbani Makorora wiki iliyopita, simu mkononi, ananionyesha picha ya pikapu nyeupe. Dabo kebini, ile ya milango minne, namba E, yaani usajili wa karibuni, rimu zinang'aa, shilingi milioni 72. Ana milioni 30 alizopata kwa kuuza kiwanja, nyingine anataka kukopa. Kazi aliyoipanga ni kubeba machungwa ya Muheza msimu ukifika, na msimu ukiisha asambaze saruji na nondo hapa Tanga mjini.

"Shangazi, bei hii ni ya haki kweli?"

Sikumjibu palepale. Nilimwekea chai, nikaenda chumbani kuchukua madaftari mawili. Tangu nianze biashara ya samaki na pweza, kila senti inayoingia kwenye gari naiandika: mafuta, fundi, tairi, hata elfu mbili ya kijana aliyesukuma. Daftari moja ni la gari la kwanza, la pili ni la gari la sasa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomsomea yeye, maana najua wako wengi wanaojiuliza swali hilohilo usiku huu.

Gari langu la kwanza lilikuwa Toyota Hilux singo kebini, ile ya milango miwili, injini ya 3L, namba A, yaani usajili wa zamani. Nililinunua mkononi mwaka 2012 kwa milioni 13. Injini zile, 3L na ndugu yake 5L, hazina tabo wala kompyuta ya kuamua nozo imwage dizeli kiasi gani. Pampu inasukuma, nozo inamwaga, basi. Kuanzia Horohoro mpaka Handeni hukosi fundi anayeijua, na spea zake zimejaa maduka ya Ngamiani. Nozo zikichoka, fundi anazifungua mezani, anabadilisha ncha nne, unalipa laki moja na themanini, jioni uko Kigombe unapakia.

Nililipenda gari lile. Lakini mwaka 2019 lilisimama siku 41. Fundi peke yake alikula milioni 3.9. Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa mzigo. Mwezi wa tano mwaka huo, tuko Kabuku saa saba usiku, tunaelekea soko la Feri Dar es Salaam na kilo 400 za changu, kibua na pweza, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Moshi mweupe, maji yanachemka, hakuna gari la kukodi. Nilikaa juu ya bodi nasikia barafu inayeyuka, maji yanadondoka barabarani tone kwa tone. Kulipokucha niliwaita mama ntilie wa pale wachukue wanachoweza kukaanga, kwa bei waliyotaja wao. Samaki waliobaki tuliwafukia. Mwaka ule mzigo uliniharibikia njiani mara nne, na hasara ya samaki tu ilifika milioni 8.

Ndiyo maana mwanzoni mwa 2021 nilinunua pikapu ya kisasa zaidi, kwa milioni 58. Milioni 20 zangu, 38 za benki, marejesho 1,355,000 kila mwezi kwa miezi 36. Piga hesabu: benki niliilipa milioni 48.78. Kwa hiyo gari la milioni 58 lilinigharimu karibu milioni 68.8. Hii ndiyo bei ambayo dalali hakutajii.

Tena mkopo una tabia moja ambayo sisi watu wa pwani tunapaswa kuitazama kwa macho mawili. Benki haijui kusi wala kaskazi. Kusi ikivuma, bahari inachafuka, ngalawa zinalala mchangani, pweza hapatikani, lakini tarehe ya marejesho inafika vilevile. Mwezi wa saba wa mwaka wa kwanza niliuza mkufu wangu wa dhahabu ili nisikose. Kadi ya gari iko kwao mpaka umalize, na bima wanataka bima kubwa inayolipa hata gari lako, si ile ndogo inayomlipa uliyemgonga tu.

Gari lenyewe, nasema ukweli, lilinistarehesha. Mwaka wa kwanza lilisimama siku sita tu. Tunaondoka Tanga saa tatu usiku, saa tisa tuko Feri, samaki macho maangavu, matamvua mekundu. Safari tatu kwa wiki, kama 150 kwa mwaka.

Mwaka wa tatu likaja balaa. Dereva alikuta kituo hakina dizeli, akanunua ya madumu kijijini. Dizeli ile ilikuwa na maji. Injini hizi za kisasa zinatumia mfumo wa komon reli: dizeli inabanwa kwa mgandamizo unaopita bar 1,000, kisha inapita kwenye vitundu vyembamba kama unywele. Kwa presha hiyo, maji na vumbi vinakwangua chuma. Hilo si kosa la waliolitengeneza gari, ni kosa letu tuliolilisha uchafu. Nozo nne, kila moja 1,400,000. Kufungua tangi, kulisafisha, kulipa fundi mwenye mashine ya kupimia, laki saba. Jumla milioni 6.3, na siku tisa za kusubiri spea kutoka Dar. Kwa gari la zamani ningemaliza kwa laki mbili.

Tangu siku ile dereva wangu ana amri mbili: hakuna madumu, na filta ya dizeli inafunguliwa kila Jumamosi kumwaga maji yaliyokusanyika chini. Mwenye pikapu ya kisasa asiyejua filta yake inafunguliwa wapi, aende kwa fundi kesho akaonyeshwe.

Sasa hesabu yenyewe. Miaka minne baada ya kununua, mteja alinifikia na milioni 42; sikumuuzia, lakini nikajua thamani yake. Toa hiyo kwenye 68.8, zimepotea karibu milioni 26.8. Ongeza nozo, ni milioni 33. Gawanya kwa miaka minne, ni kama milioni 8.3 kwa mwaka. Sevisi na bima zilikuwa wastani wa milioni 3.2. Kwa hiyo gari la kisasa lilinila milioni 11.5 kwa mwaka, bila mafuta.

La zamani, mwaka ule wa 2019? Fundi milioni 3.9, samaki walioharibika milioni 8, jumla 11.9. Thamani yake haikushuka sana. Nililinunua 13, nikaliuza 11.

Mpwa wangu alipoona namba hizo mbili zimekaa jirani alinyamaza. Hata mimi nilipozipata mara ya kwanza nilirudia kupiga hesabu mara tatu, maana nilitaka sana kuamini kwamba gari jipya limeniokoa mamilioni. Halikuniokoa mamilioni. Lilinilipa kwa chupuchupu, tena kwa sababu moja tu: mzigo wangu unaoza. Gari likilala njiani usiku mmoja, samaki wamekwisha. Bei ile ya juu nilikuwa nanunua usiku ambao gari halilali Kabuku.

Machungwa hayaozi usiku mmoja. Saruji hata wiki haiozi, mradi isinyeshewe. Gari la mpwa likiharibika Muheza saa nne asubuhi, atapoteza siku na pesa ya fundi, kesho mzigo bado ni mzigo. Ukiondoa ile milioni 8 ya samaki kwenye upande wa gari la zamani, inabaki 3.9 dhidi ya 11.5. Hapo sioni mjadala.

Na mafuta? Nilitegemea tofauti kubwa, nikapata lita chache kwa safari nzima ya Dar. Anayekwambia gari jipya litajilipa kwa dizeli, muombe daftari lake.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiingii kwenye daftari na sitaki kukipita haraka. Masika ya 2022, karibu na Mkata, mvua kubwa, ng'ombe wakatokea upande wa kushoto. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva. Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Nilisikia pedo inatetemeka chini ya mguu wake, trrr trrr, gari likanyooka mstari mmoja, likasimama ng'ombe wa mwisho akiwa hatua mbili kutoka kwenye bampa. Hizo ndizo breki za ABS, haziachi tairi zigome. Gari langu la zamani lilikuwa ukikanyaga hivyo kwenye lami yenye maji, tairi zinagoma kuzunguka, mkia unakwenda unakotaka wenyewe. Barabara ya Segera mpaka Chalinze imeshachukua watu tunaowajua. Kama unasafiri usiku kila wiki, wewe au kijana wa watu uliyemwajiri, basi breki za ABS na mifuko ya hewa ni sababu ya haki ya kuongeza pesa, na simlaumu yeyote anayeiweka mbele ya hesabu zangu zote. Lakini hakikisha gari unalouziwa linavyo kweli. Washa swichi, taa ya ABS iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa ili usione tatizo.

Nilimwonya pia kuhusu hiyo namba E. Namba inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii lilitengenezwa lini. Pikapu ya mwaka 2009 ikiingia nchini juzi, inapewa namba ya juzi. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, na namba ya chesisi, ile fremu ya gari, iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Hilux zile tunazoziita Vigo zilitengenezwa kati ya 2004 na 2015, na iliyofuata, Revo, ilianza 2015. Nimeona Vigo namba E ikiuzwa kwa bei inayokaribia Revo, na mnunuzi anafurahia namba. Ukumbuke pia kwamba katika bei ya gari lililotoka nje, fungu kubwa ni kodi: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na mengine juu yake. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo kwenye tovuti yao, weka aina ya gari na mwaka uone. Ukijua kodi ni kiasi gani unaweza kubishana na mwenye yadi kwa adabu, ukiwa na namba mkononi.

Halafu dabo kebini. Bodi ya dabo ina urefu wa kama mita moja na nusu, ya singo kebini inapita mita mbili na robo. Unalipa zaidi, unabeba kidogo, nondo zinaning'inia nyuma. Kama hubebi watu wanne kila siku, ile milango miwili ya nyuma ni ya heshima ya mtaani, na heshima haina fungu kwenye marejesho. Kwa saruji ya mjini, Kenta iliyotumika, lile lori dogo, inabeba mara mbili au tatu ya pikapu. Kwa vimizigo vya madukani, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inatosha. Wengi tunanunua pikapu kwa sababu tunaipenda, na kuipenda si dhambi, ila usiiite hesabu.

Kutu ndiyo niliyoiacha mwisho na ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu sisi wa Tanga tunauziana kutu. Gari lililobeba samaki au chumvi linakunywa maji ya chumvi kila siku. Yanapenya kwenye bodi, yanatuama kwenye chesisi, hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa. Mwaka jana nilikwenda Sahare kuangalia pikapu ya jirani wa rafiki yangu, rangi mpya, inapendeza kama bibi harusi. Fundi wangu, mzee wa Mabawa, akalala chini na bisibisi. Akagonga, akagonga, sauti ikabadilika. Akasukuma. Bisibisi ikazama kama inachoma muhogo uliochemshwa. Mwenye gari mwenyewe alishtuka. Gari la namna hiyo hata ukipewa kwa milioni 10 ni ghali, na gari kuukuu la bara lenye chesisi kavu ni rahisi hata likizidi bei. Mimi langu linaoshwa chini kwa maji yasiyo na chumvi kila likitoka Feri, kabla dereva hajaenda kulala.

Mpwa aliondoka bila kusema atafanya nini, na sikumshika. Juzi akapiga simu. Amepata singo kebini Muheza, injini ya 5L, imekuwa ikibeba viungo na ndizi kutoka Amani, milioni 24. Zinazobaki anaweka sita za fundi na tairi mwaka wa kwanza, hakopi. Jumamosi tunakwenda kuiangalia, mimi, yeye, na mzee wa Mabawa na bisibisi yake. Nimempigia mwenye gari kumwomba jambo moja: asiiwashe kabla hatujafika, tunataka kuisikia ikiamka ya baridi.