Yerba mate: usiichemshe, na maji yasitokote

Mkuu, umesema yerba mate, yale majani makavu ya kinywaji cha Amerika Kusini, uliyoletewa kutoka Argentina uliichemsha sufuriani na sukari kama majani ya chai, ikawa chungu mpaka ukaimwaga. Majani haya hayachemshwi kabisa.

Nilikaa Rosario, mji wa Argentina, kwenye nyumba ya kupanga ambako mate (ndivyo kinywaji chenyewe kinavyoitwa) ilizunguka toka asubuhi. Birika waliliepua mara maji yanapoanza kuvuma, kabla hayajatokota, nyuzi 70 hadi 80 hivi. Yakitokota, uchungu wote hutoka kwa mpigo mmoja na baada ya hapo ladha haipo tena.

Chombo chenyewe ni kibuyu, cha mmea uleule wa vibuyu vyetu. Jaza majani nusu na zaidi kidogo. Ziba mdomo kwa kiganja, pindua, tikisa. Vumbi la kijani litakalobaki kiganjani lipulize. Kirudishe taratibu kikiwa kimelala, majani yaegemee upande mmoja kama kilima. Upande ulio wazi tia maji ya uvuguvugu kidogo, subiri yanywewe. Hapo ndipo unachomeka bombilla, ule mrija wa chuma wenye kichujio chini, huku tundu la juu umeliziba kwa kidole gumba. Maji ya moto sasa yamimine palepale penye mrija, kidogo kidogo. Povu likipanda, umepatia. Kilima kisilowe chote, maana ndiyo akiba ya ladha ya raundi zinazofuata. Na tafadhali usikoroge kwa mrija! Unaziba, na wenyeji wanakereka kweli.

Wakiwa wengi, mmoja ndiye anayemimina, wanamwita cebador. Anakunywa wa kwanza kwa sababu raundi ya kwanza ndiyo kali, kisha anajaza na kumpa jirani yake. Unanyonya mpaka mrija ukorome, unamrudishia, anamjazia mwingine. Ukisema gracias wakati unarudisha, maana yake umetosheka, unarukwa. Mimi hicho ndicho nilichokipenda kuliko hata kinywaji. Ukiwa na mafua, sema mapema upewe chako peke yako.

Kuhusu uliyoambiwa, kwamba mate inaleta kansa: mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lilisema vinywaji vinavyonywewa vikiwa na zaidi ya nyuzi 65, chai ikiwemo, huenda vikasababisha saratani ya umio. Kwa hiyo usinywe ya kuunguza, iache ipoe. Kafeini pia imo, usiku iache.

Kwa joto la Dar ningekushauri ujaribu tereré ya Paraguay, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2020. Majani ni hayohayo, ila maji ni ya barafu na unaponda mnanaa ndani ya jagi. Asili yake ni Waguarani, wenyeji wa asili wa huko.

Pakiti ukinunua tena, tafuta iliyoandikwa con palo. Ina vijiti na ni laini zaidi kwa anayeanza. Kibuyu kipya kijaze majani yaliyokwisha kutumika yakiwa na unyevu, kilale hivyo hadi kesho yake, ukwangue ndani kwa kijiko. Kila ukimaliza kunywa kimwage, kisuuze, kikauke kikiwa wazi, la sivyo kitaota ukungu.